Mengineyo: Hakuna. Mkuu wa Shule Anapoletewa Wazo Jipya
Mada kwa semina ya wakuu wa shule na walimu wakuu, Miono



Utamaduni wa shule ni mazoea ya pamoja: namna tunavyosalimiana, tunavyofundisha, tunavyokosoana. Waliopita ADEM, chuo cha uongozi wa elimu hapo Bagamoyo, wanalijua hilo, sitawachosha.

Katika mazoea hayo, tumezoea kupokea mawazo yanayotoka juu. Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, elimu bila ada mwaka 2016, waraka wa 2021 wa kuwarejesha walioacha masomo, mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024: yote tuliyapokea, tukayatekeleza. Shida yetu ni wazo linalotoka kwa mwalimu wa chini yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya msingi, nilifungua daftari la kumbukumbu za vikao. Januari, chini ya ajenda ya mwisho, Mengineyo, mwalimu mgeni wa hisabati aliomba watoto wajifunze kilo na gramu kwa mizani ya kuazima dukani. Mwisho wa mstari: "Limepokelewa." Machi, mwalimu mwingine aliomba wanafunzi wanaovuka korongo wasichapwe kwa kuchelewa siku za masika. "Limepokelewa." Mei, vivyo hivyo. Kuanzia Julai hadi Novemba, kwa mwandiko uleule: "Mengineyo: Hakuna." Mgeni angesema shule imetulia. Nilimtafuta yule wa mizani. Akaniambia, "Mwalimu Mkuu hakunikatalia. Hakunijibu tu."

Nimelikuta daftari la namna hiyo mara nyingi mno. Simlaumu mkuu kwa tahadhari. Anadaiwa matokeo ya mtihani, wathibiti ubora wako njiani, na miongozo lazima iheshimiwe. Lakini mizani ya duka haihitaji waraka. Kukataa kwa sababu kunamfundisha mwalimu jambo. Ukimya unawafundisha walimu wote waliomo kikaoni, siku hiyohiyo, kwamba kunyamaza ndiyo salama. Hata jumuiya za kujifunza za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, mkuu asipoketi ndani yake, hugeuka kikao cha kusaini mahudhurio.

Napendekeza, kwa kuzingatia taratibu zilizopo, kila wazo lijibiwe ndani ya wiki mbili, kwa maandishi, pamoja na sababu. Lisilohitaji fedha lijaribiwe darasa moja, muhula mmoja. Mkuu ahudhurie jumuiya ya kujifunza akiwa mwanajumuiya, asiwe msimamizi wa mlangoni. Maafisa Elimu Kata, mnapotembelea shule, someni Mengineyo kabla ya kukagua maandalio ya masomo. Halmashauri yetu ya Chalinze isimhesabie mkuu kosa kwa jaribio dogo lililoshindikana, maana anayeogopa kuulizwa hawezi kumruhusu mwenzake ajaribu. Wazo likikubaliwa, jina la aliyelitoa litajwe kikaoni. Likikataliwa, aambiwe yeye kwanza, faraghani. Na narudia la wiki mbili, kwa sababu ndilo linalosahaulika tukishafika nyumbani: ajibiwe.

Mezani pale nimeweka karatasi zenye safu tatu: wazo, jibu, tarehe. Naomba kila mkuu achukue yake kabla ya chakula, ajaze safu ya kwanza kwa wazo la mwisho aliloletewa na mwalimu wake.