RITIFAA NDOGO, HASARA KUBWA
Maneno tuliyowaambia makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia

Vikundi vingi siku hizi vinaweka majina ya wanachama na akiba zao kwenye kompyuta. Ni jambo jema. Lakini leo tuzungumze juu ya kialama kimoja kidogo sana, ritifaa, ile inayokaa katika ng'ombe, Murang'a, Nyong'o na Ng'ang'a.

Hebu tuone taabu inatoka wapi. Mtengenezaji wa programu lazima aiambie kompyuta jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Katika SQL, lugha inayotumika sana kuulizia rejista za kompyuta, jina hufungiwa kati ya ritifaa mbili, hivi: 'Wanjiru'. Hapo hakuna shida. Sasa andika 'Ng'ang'a'. Kompyuta inasoma Ng, inakuta ritifaa, inadhani jina limekwisha. Yanayobaki haiyaelewi, kwa hiyo inakataa kazi yote.

Basi karani afanye nini? Mara nyingi anaandika Nganga tu, apate kuendelea. Mwezi ujao mwingine anaandika Ng’ang’a kwa ritifaa iliyopinda. Kwa macho yetu ni kitu kimoja na ile iliyosimama wima, lakini kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Tuseme mzee huyo ameweka akiba miaka kumi, kisha anafariki. Mjane anakuja na kitambulisho, jina linatafutwa, halipatikani. Au linapatikana na nusu tu ya pesa. Je, tutamwambia nini yule mama?

Mnakumbuka habari ya Shibolethi katika Waamuzi sura ya 12. Watu 42,000 wa Efraimu walikufa, na katika vivuko vya Yordani waliopimwa walipimwa kwa sauti moja tu ya neno. Jina la mtu si mchezo.

Dawa ipo, tena si ghali. Mkimpa kijana kazi ya kuwatengenezea programu, mwambieni haya:

1. Asifute ritifaa katika jina la mtu. Liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

2. Katika SQL, ritifaa iliyo ndani ya jina huandikwa mara mbili: 'Ng''ang''a'. Kompyuta huihesabu kuwa moja, na jina halikatiki. Katika lugha kama Python anaweza kulifungia jina kwa alama za usemi: "Ng'ang'a".

3. Iliyo bora zaidi ni jina kupelekwa peke yake, mbali na amri. Ni kama barua ndani ya bahasha: tarishi anaifikisha bila kuisoma. Hii pia ni kufuli. Bila hiyo, mtu mbaya anaweza kuandika ritifaa mahali pa jina, halafu aongeze maneno ya amri, na mashine itii. Hivyo ndivyo rejista nyingi za kompyuta duniani zilivyoibiwa.

4. Ritifaa zote zilizopinda zigeuzwe kuwa za wima kabla ya kuhifadhiwa.

5. Kila mwanachama awe na namba yake, ili akiba isitegemee jina peke yake.

Na kabla ya kumlipa, mjaribuni! Msimpe Wanjiru na Otieno peke yao. Mpeni Ng'ang'a na Nyong'o. Aingize, azime mashine, awashe, atafute. Jina likirudi vile lilivyoandikwa, kazi ni nzuri. Likirudi limekatwa, arudi akatengeneze. Na lile daftari la mkono msilitupe. Liendelee kuandikwa mpaka hesabu zake na za kompyuta zilingane.

Wanachama wenzetu, hatuhitaji sote kujua kutengeneza programu. Tunahitaji kujua la kuuliza. Pesa ni za wakulima na akina mama wa sokoni, na kila mmoja ana haki ya kukuta jina lake likiwa zima.