Mafuta ya Bwawani na Ardhi ya Mkulima



Kusini ya mji huu wa Moshi, huko Mabogini, yapo mabwawa ya kusafishia maji taka. Katika mabwawa ya namna hiyo huota mwani mdogo mno, usioonekana mmoja mmoja kwa macho, ambao huyafanya maji yawe ya kijani. Mwani huo huishi kwa mwanga wa jua, hewa ya kaboni na rutuba iliyomo katika uchafu. Baadhi ya aina zake hujiwekea mafuta mwilini, na mafuta hayo yaweza kugeuzwa dizeli.

Njia yenyewe ni hii. Mafuta yaliyokamuliwa huchanganywa na methanoli. Hupatikana dizeli, na glisirini hubaki kando. Kwa kawaida kazi hiyo huharakishwa kwa soda kali. Lakini mafuta ya mwani mara nyingi huwa na asidi na maji, na hapo soda huzaa sabuni. Ndipo kinapohitajika kimeng'enya kiitwacho lipesi, cha jamii ya vile vinavyosaga mafuta tumboni mwa binadamu. Chenyewe hufanya kazi katika joto la karibu nyuzi 40, wala hakizai sabuni. Ila ni ghali, na methanoli ikizidi hukiharibu. Kwa hiyo methanoli hutiwa kidogo kidogo, na kimeng'enya hushikizwa kwenye chembe ngumu ili kitumike tena.

Mwananchi wa Kilimanjaro yamhusu nini hayo? Yamhusu kwa sababu ya ardhi. Huku mlimani vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vimekuwa vipande. Tena Taifa limekwisha kupata funzo la mbono. Kule Kisarawe, kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 ili ilime mbono wa dizeli. Mwaka 2011 kazi ilisimama, na wanavijiji wakabaki hawana ajira wala ardhi waliyoitoa. Mwani hauhitaji shamba la mahindi wala la migomba.

Hata hivyo, asidanganyike mtu. Marekani iliuchunguza mwani huu tangu 1978 hadi 1996, ikaona mafuta yake ni ghali kuliko ya kuchimbwa. Kikwazo hicho cha bei bado kipo.

Basi mwalimu awafundishe vijana sayansi hii kwa uwazi, faida zake na gharama zake. Na mtumishi wa umma, kabla ya kutia sahihi mradi wowote wa mafuta, aulize: ukifa, ardhi itarudi kwa nani?