RANGI ZA CHUO KIKUU: ZIPENDEZE, NA ZISOMEKE NA WOTE

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara huko Kasingirima, Ujiji, mkoani Kigoma, mbele ya watumishi wa umma na wakaazi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi na wananchi wa Visiwani.



Nimetakiwa nizungumzie uteuzi wa rangi za chuo kikuu. Huenda wapo watakaoliona jambo hili kuwa ni la mapambo tu. La hasha. Rangi ya chuo hupakwa langoni, hushonwa katika joho, huchapwa katika vyeti na fomu, na siku hizi huonekana katika simu ya mzazi kabla hajauona mlango wa chuo chenyewe. Ikichaguliwa vibaya, kuibadilisha ni gharama, na gharama hiyo hutoka katika mfuko wa umma.

Sisi Visiwani tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999. Kipo pia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho huwafuata wanafunzi mikoani, Kigoma ikiwemo. Mwanafunzi aliye mbali hukutana na chuo chake kwanza kwa karatasi na kwa simu. Kwa hiyo karatasi hiyo haina budi kusomeka.

Ndugu wananchi, kanuni ya kwanza tunayo machoni petu kila siku. Bendera ya Taifa, iliyoanza kutumika mwaka 1964 baada ya Muungano, ilikusanya rangi za Tanganyika na za Zanzibar: kijani, manjano, nyeusi na buluu. Maana ya rangi hizo tunafundishwa tangu skuli. Wachache, hata hivyo, huuzingatia ufundi wake. Mstari mweusi haugusani na kijani wala na buluu. Umetengwa kwa michirizi miwili ya manjano. Michirizi hiyo ikiondolewa, mstari mweusi ukitazamwa kwa mbali utamezwa na rangi nzito zilizo kando yake.

Tazameni sasa bendera za majirani zetu wa ziwa hili. Katika bendera ya Burundi, nyekundu na kijani zimetenganishwa na msalaba mweupe wa mshazari. Katika bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyopitishwa mwaka 2006, mstari mwekundu umetiwa kingo za manjano juu ya buluu. Nchi tatu zimeshika kanuni moja: rangi mbili nzito hazikutanishwi pasipo rangi nyepesi katikati. Na kina mama wa pwani waliijua kanuni hiyo zamani, kwani kanga ya kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na haina haja ya kusogelewa ili ionekane.

Kanuni ya pili ni ya kipimo. Wataalamu wanaoweka viwango vya kurasa za mtandao duniani hupima tofauti ya mwanga baina ya herufi na mahali ilipoandikwa. Kiwango chao ni kwamba maandishi ya kawaida yasipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa yasipungue 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1, nacho ndicho kilele. Nyeusi juu ya manjano hupata zaidi ya 19, na buluu iliyokolea juu ya nyeupe hupata zaidi ya 8. Lakini manjano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1, na nyekundu juu ya kijani cha wastani ni kiasi cha 1.3 tu. Rangi hizo mbili za mwisho huonekana zikipiga kelele, kumbe herufi zake hazisomeki.

Tuchukulie kwamba tangazo la chuo limechapwa kwa ardhi ya kijani, na siku ya mwisho ya kurejesha fomu imeandikwa kwa nyekundu ili ipate kuonekana upesi. Kwa msomaji mwenye upofu wa rangi, mstari huo ndio wa kwanza kupotea. Kwa watu wa asili ya Ulaya, hali hii humpata mwanamume mmoja katika kila 12, na mwanamke mmoja katika kila 200. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Na aghlabu mtu huzaliwa nayo, akakua asijue kuwa haoni kama wenzake. Kijana wa namna hiyo atakosa nafasi ya masomo, na watu watasema ni mzembe.

Wapo na wengine. Mzee mwenye mtoto wa jicho huona rangi zimefifia, na buluu humwia vigumu kuipambanua. Ndugu zetu wenye ualbino wengi wao wana uoni hafifu, na mng'ao huwaumiza macho. Ubao uliopakwa rangi ya kung'aa na kuwekwa juani huwa ni adha kwao. Taifa letu liliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Mkataba huo unadai habari za umma ziwafikie nao. Basi kusomeka kwa tangazo ni haki ya mtu, wala si hisani.

Lipo pia suala la majina ya rangi. Lugha yetu huazima majina hayo katika vitu: kijani ni ya jani, kijivu ni ya jivu, manjano ni ya bizari, zambarau ni ya tunda. Ni majina mazuri, lakini majani hayafanani. Ukimwambia fundi wa rangi “kijani”, na fundi cherehani “kijani”, na mpiga chapa “kijani”, utaletewa kijani tatu. Rangi ya chuo iandikwe kwa namba yake, na kipande cha mfano kihifadhiwe ofisini.

Kwa muhtasari, napendekeza haya:

1. Chuo kichague rangi kuu mbili, moja nzito na moja nyepesi, na ya tatu iwe ya kutenganisha.

2. Jambo muhimu lisioneshwe kwa rangi peke yake; liongezewe neno, mstari au herufi nene.

3. Kabla ya kupitishwa, nembo itolewe kivuli kwa mashine ya nyeusi na nyeupe. Isiposomeka hapo, irejeshwe kwa mchoraji.

4. Ibandikwe nje, juani, isomwe na mzee, na kijana, na mtu mwenye uoni hafifu. Kauli yao ipewe uzito kuliko ya wajumbe wa kamati.

5. Mbao za matangazo zipakwe rangi isiyong'aa.

Ndugu wananchi, wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuo chema kitajiuza kwa elimu yake, ila mlango wake sharti uonekane na kila aliyekusudiwa kuingia.