Moshi wa Lori Haungoji Siku ya Ukaguzi

Mazungumzo na madereva, wenye malori, wafanyabiashara na wakazi katika Soko la Kongowea

Wazee wetu, akina mama wa sokoni, madereva, mahamali na vijana wa mikokoteni, nashukuru mmeacha kazi kwa dakika chache.

Nimekuja na jambo moja: moshi wa malori, na sheria inasema nini juu yake. Kongowea ni soko la malori. Viazi, vitunguu, kabichi na machungwa huletwa hapa kwa lori, na hakuna kati yetu anayetaka malori yafukuzwe. Lakini mama aliyetandika nyanya zake chini, karibu na bomba la moshi, naye hana pa kukimbilia. Anauvuta moshi ule tangu alfajiri, na pengine mtoto yuko mgongoni.

Moshi wa dizeli si kero ya macho tu. Mwezi Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chembe zake ni ndogo mno, zinapita puani na kuingia ndani kabisa ya mapafu.

Wakazi wengi huuliza: mbona kaunti haiyakagui malori haya? Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Lakini ukaguzi wa magari ni kazi ya NTSA, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Viwango vya moshi navyo vimo katika Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014, zinazosimamiwa na NEMA. Kwa hiyo kaunti haina mamlaka ya kutoa cheti cha ukaguzi. Lori la biashara linatakiwa kupelekwa NTSA kila mwaka.

Kipimo cha moshi wa dizeli, kama kinavyofanywa katika nchi nyingi, ni rahisi. Injini ikishapata moto, gari likiwa limesimama bila gia, mafuta yanakanyagwa ghafla hadi mwisho, mara kadhaa. Kifaa kinapitisha mwanga katikati ya moshi na kupima ni kiasi gani kimezuiwa. Moshi mzito unazuia mwanga mwingi, na gari linaanguka.

Hapa ndipo penye shida. Mwaka una siku 365, na cheti kinashuhudia siku moja. Mtu akiazima nozeli nzuri kwa ajili ya ukaguzi wa Jumatatu, Jumanne moshi umerudi sokoni. Ndiyo maana jimbo la California, Marekani, tangu 2025 linataka malori mengi makubwa yapimwe mara mbili kwa mwaka. Kwetu ni mara moja. Siku zinazobaki ziko mikononi mwa mwenye lori na fundi wake.

Najua mtasema matengenezo ni gharama, na lori likilala gereji mzigo unaoza. Ni kweli. Lakini moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ambayo haikuungua vizuri: hewa haitoshi, au nozeli zimechoka. Moshi wa buluu unaonyesha injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto ni dalili ya mafuta yasiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya injini. Anayesubiri injini ife hulipa zaidi.

Wala tusiitupie lawama dizeli. Tangu Januari 2015, Kenya na jirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tulishusha kiwango cha salfa katika dizeli kutoka sehemu 500 hadi 50 kwa kila milioni. Mafuta safi hayatengenezi injini mbovu.

Kwa hiyo naomba haya. Wenye malori, badilisheni chujio la hewa na lile la mafuta kwa wakati, nozeli na pampu zipimwe na fundi anayezijua, na msipakie kupita uzito unaoruhusiwa. Msimwachie dereva lawama. Dereva hanunui nozeli. Madereva, zimeni injini mnaposhusha mzigo. Mkiona moshi umebadilika rangi, mwambieni mwenye gari siku hiyo hiyo.

Wakazi na wafanyabiashara, msigombane na dereva barabarani. Andikeni namba ya gari, mahali, siku na saa, kisha mpeleke habari hiyo kwa ofisi ya NEMA hapa Mombasa au kwa idara ya mazingira ya kaunti. Lalamiko lenye namba ya gari linaweza kufuatiliwa. Lisilo na namba huishia njiani.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni chujio na nozeli. Ukuta ni injini mpya kwa mwenye lori, na kitanda cha hospitali kwa muuza nyanya.

Sasa nipo tayari kwa maswali.