Kalamu ya Kweli



Mwaka 1988 jarida la makanisa yetu, Beyond, lilipigwa marufuku baada ya kuandika habari za kura ya mlolongo. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akatiwa gerezani. Kuandika kweli kulikuwa na gharama.

Hata hivyo kalamu hazikuwekwa chini. Mwaka 1992 mwandishi wa Daily Nation hapa Nairobi, Catherine Gicheru, alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri. Mwaka 2007 mama huyu akawa mhariri wa kwanza wa gazeti la Nairobi Star.

Ndugu zangu, ujasiri wa mwandishi si kelele. Ni kuuliza, kupima, kisha kusimama na lililo kweli. Luka naye alichunguza kwanza, ndipo akamwandikia Theofilo.

Na wewe je? Habari uliyoisikia alfajiri Kangemi ukaifikisha mjini saa mbili, uliipima? Uongo huvunja jina la jirani. Lakini kweli ikifichwa, mnyonge ndiye aumiaye.

Tuombe. Ee Bwana, linda midomo yetu na uongo, na mioyo yetu na woga. Amina.