Kuilinda Kompyuta ya Nyumbani dhidi ya Programu za Upelelezi

Mazungumzo na wazazi na walezi wa Kata ya Kibeta, Manispaa ya Bukoba



Tumeombwa tuzungumzie namna ya kufunga na kupanga kinga dhidi ya programu za upelelezi katika kompyuta ya nyumbani. Wakati tukisubiri wenzetu tuliwauliza waliotangulia kufika wanatumia kinga gani. Wengine walijibu kuwa hawana, kwa sababu hawana fedha za kuinunua. Wengine walijibu kuwa walikuwa nayo, ila fundi aliizima. Jibu la kwanza tutalisahihisha kwa dakika chache. La pili ndilo lililotuleta hapa.

Virusi wa kawaida huharibu mafaili, na mwenye kompyuta hutambua mapema kwamba ameingiliwa. Programu ya upelelezi haina haja ya kuharibu kitu. Hukaa kimya, ikanakili kila herufi unayobonyeza, ikapiga picha za kioo, ikakusanya nywila ulizohifadhi katika kivinjari, na kuyatuma yote kwa mwenyewe kila kompyuta inapopata intaneti.

Tuchukulie katibu wa chama cha msingi cha ushirika anayefungua barua pepe ya chama katika kompyuta ileile ambayo mwanawe huchezea michezo usiku. Anayezinakili herufi zake amekwisha kuijua nywila. Anasoma mawasiliano ya chama na benki, anasubiri msimu wa kahawa, na wiki ya malipo anatuma barua yenye namba nyingine ya akaunti, kwa jina la katibu na kwa mtindo wake wa kuandika. Mkulima wa Kamachumu aliyekwisha kupeleka kahawa yake ghalani hatajua kompyuta ya Kibeta ilihusika vipi. Atakachojua ni kwamba fedha ya ada haikufika.

Sasa tulisahihishe jibu la kwanza. Zamani ilikuwa kweli kwamba mtu alihitaji programu mbili, moja ya virusi na nyingine ya upelelezi. Desemba 2004 kampuni ya Microsoft ilinunua kampuni ndogo iliyotengeneza kinga ya upelelezi, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Windows Defender. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Defender hushughulikia virusi na upelelezi pamoja, na huja ndani ya kompyuta bila malipo ya ziada. Kwa hiyo, kama kompyuta yako inatumia Windows 10 au 11, kinga unayo tayari. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Hatusemi hivyo kwa kuitangaza bidhaa ya mtu, kwani Mamlaka haiuzi programu yoyote. Tunasema hivyo kwa sababu tunaona watu wakilipia kitu walicho nacho, au wakipakua kinga bandia kutoka katika tangazo linalopiga kelele kwamba kompyuta imeambukizwa. Tangazo la namna hiyo limo ndani ya ukurasa unaousoma tu. Halijaikagua kompyuta yako na haliwezi kujua kilichomo. Lifunge.

Basi kinga inazimwaje? Mzazi anapeleka kompyuta mjini awekewe programu ya kuandikia au ya mahesabu. Leseni halali ina gharama, kwa hiyo fundi anatoa flashi yenye nakala iliyovunjwa leseni. Nakala hizo huja na maelekezo, na mara nyingi la kwanza ni hili: zima kinga kabla hujaendelea. Mwenye kuandika maelekezo hayo anajua kwa nini. Wakati mwingine kinga inapiga kelele kwa sababu ya kule kuvunjwa leseni tu. Wakati mwingine inapiga kelele kwa sababu ndani yake kuna mpelelezi kweli, na fundi hana njia ya kutofautisha. Hatumlaumu fundi peke yake, maana mteja aliyesimama mbele yake anataka kazi iishe kwa bei ndogo. Hata hivyo, zipo programu za ofisi zilizo halali na za bure kabisa, kama LibreOffice, na kwa barua za shule na hesabu za duka mtu hatapungukiwa na kitu.

Kibaya zaidi, kinga inaweza kuonekana imewashwa na bado isifanye kazi. Ndani yake kuna orodha ya misamaha, yaani mafaili na makabrasha ambayo kinga imeagizwa isiyaguse. Fundi akiliweka kabrasha la programu iliyovunjwa leseni katika orodha hiyo, alama ya ngao karibu na saa ya kompyuta itabaki inaonyesha usalama, na mpelelezi atakaa ndani ya kabrasha lililosamehewa bila kuulizwa. Kompyuta yoyote iliyopita mikononi mwa mtu mwingine, au iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ianzie hapo.

Fanyeni hivi. Andika Windows Security katika sehemu ya kutafutia, kisha ufungue. Ingia katika sehemu ya kinga dhidi ya virusi, halafu katika mipangilio yake. Hakikisha ulinzi wa muda wote umewashwa, na ulinzi unaozuia programu nyingine kuibadilisha mipangilio umewashwa pia. Teremka hadi chini, fungua orodha ya misamaha, na ufute kila kilichomo ambacho hukukiweka wewe mwenyewe kwa sababu unayoijua. Kisha rudi nyuma, uingie katika sehemu ya programu na kivinjari, na uwashe kizuizi cha programu zisizotakiwa; zile zinazojibandika pamoja na programu uliyoitaka hunaswa hapo. Baada ya hayo sasisha kinga, ndipo uagize ukaguzi kamili. Ukaguzi huo unaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo uanze jioni chaji ikiwa imejaa na waya umechomekwa. Ukimalizika, agiza ukaguzi wa nje ya mfumo. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na kwa takriban dakika 15 itajikagua kabla mpelelezi hajapata nafasi ya kuamka na kujificha. Hifadhi kazi zako zote kabla ya kuuanza.

Tulipotaja kusasisha tuliona baadhi yenu mkitazamana. Tunalielewa jambo hilo. Nyumba nyingi hapa hupata intaneti kwa bando la simu, na ili bando lisiliwe, mtu huiambia kompyuta kwamba mtandao huu unapimwa. Kompyuta hutii, na inaweza kuahirisha masasisho ya kinga pia. Microsoft hutoa maelezo mapya ya programu hatari mara kadhaa kwa siku. Kinga ambayo haijasasishwa tangu Pasaka haiwatambui wapelelezi waliotengenezwa baada ya Pasaka. Hatuwaambii muache kuhifadhi bando. Tunawaomba mtenge siku moja ya wiki ya kubofya kitufe cha kusasisha kwa mkono wenu, na kutazama tarehe iliyoandikwa hapo. Kama hata hilo ni gumu, faili la masasisho linaweza kupakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft penye mtandao mzuri, kazini kwa mfano, likaletwa nyumbani kwa flashi.

Wanaotaka jicho la pili wanaweza kutumia toleo la bure la Malwarebytes, lililopakuliwa kutoka tovuti yake yenyewe. Toleo hilo hukagua pale unapoliagiza tu, kwa hiyo haligombani na Defender. Kinga mbili za muda wote katika kompyuta moja hatuzishauri. Huifanya kompyuta iwe nzito.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa imeahidi kuendelea kuisasisha Defender ndani yake hadi Oktoba 2028. Kinga mpya juu ya mfumo usiozibwa nyufa ni nafuu ya muda. Wenye Windows 7 wasiitumie kwa mambo ya fedha hata kidogo.

Watoto nao wafunguliwe akaunti ya kawaida, na ile ya msimamizi ibaki kwa mzazi pamoja na nywila yake. Mtoto akibofya kitu kinachotaka kujifunga ndani ya mfumo, kompyuta itadai nywila ambayo hanayo, naye atakuja kukuita.

Ukaguzi ukimkuta mpelelezi, kata intaneti kwanza. Usibadilishe nywila katika kompyuta hiyo, maana utakuwa unampa mpya. Tumia kifaa kingine kilicho salama, anza na barua pepe, kisha benki, na uijulishe benki yako siku hiyohiyo. Piga picha ya kile ambacho kinga imekuonyesha kabla ya kukifuta, uende nayo polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu na kunasa mawasiliano yake bila idhini. Tunalisema hili pia kwa sababu nyingine: wapo wanaofunga programu hizi katika kompyuta ya mke au mume ili kumchunguza. Ndoa haijatajwa katika sheria hiyo kuwa ni idhini.

Meseji za kitapeli zinazokuja kwa simu zipelekwe namba 15040.

Tumeona kompyuta tatu zimeletwa hapa mbele. Kwa ruhusa ya wenyewe tutaziwasha sasa, na tutaanza na orodha ya misamaha.