Mwalimu wa Historia Naye Asome

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja mbele ya mkutano wa wanachama na wafanyakazi wengine, Voi.)



Nimeombwa niseme juu ya mafunzo ya walimu walio kazini, na hasa sisi tunaofundisha historia. Najua wengine mmekwisha kunung'unika kabla sijafungua kinywa. Mwaka 2021, Tume ya Kuajiri Walimu ilipotangaza mafunzo ya kuendeleza walimu, tuliambiwa kila mwalimu atoe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Kozi zilikuwa sita, na kila moja ya miaka mitano. Fanyeni hesabu wenyewe: miaka 30, shilingi 180,000. Fundi wa reli akipelekwa kujifunza mashine mpya, je, hukatwa mshahara ili ailipie mashine hiyo? Katika jambo hili mimi ni pamoja nanyi. Mwajiri anayetaka kazi bora na agharimie mafunzo, na chama kisichoke kulisema neno hilo.

Lakini ndugu zangu, tusichanganye mambo mawili. Kukataa kulipa si kukataa kujifunza.

Nitawaambia kisa changu, ingawa chaniaibisha. Nalikuwa nikifundisha Vita Kuu ya Kwanza. Nimesema habari za Ulaya vizuri sana, wafalme na mapatano yao, ubao umejaa tarehe. Mtoto mmoja wa Kasigau akainua mkono. "Mwalimu, nyanya asema watu wetu walichukuliwa wakapelekwa Malindi. Walikosa nini?" Nikamjibu kwamba swali hilo haliko katika mtihani. Akaketi. Hakuuliza tena mwaka ule wote.

Basi baadaye nikatafuta, nikaona kwamba mtoto alijua kuliko mimi. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kuwa wanawasaidia Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya mpaka, wakawahamisha hadi Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa katika joto la pwani, na wengi wakafa kwa maradhi. Waliobaki hawakurudishwa kwao hata miaka ya 1930. Mambo haya yalitendeka katika wilaya hii, nami nalikuwa na shahada ya chuo kikuu mfukoni bila kuyajua.

Na si hayo tu. Reli ya kutoka hapa Voi kwenda Taveta, mnaijua ilijengwa kwa ajili gani? Si kwa ajili ya mkonge. Ilijengwa wakati wa vita ile, ipeleke askari na maji na risasi mpakani. Tarehe 12 Februari 1916, pale kilima cha Salaita, askari wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza walirudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Makaburi ya wazungu yako Taveta, yametunzwa, majina yamechongwa. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita wamelala wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, na kwamba huenda wakafika 350,000. Wale walikuwa wafanyakazi, ndugu zangu. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutokana na kikosi chao. Mtoto hupita sokoni kila siku asijue kwamba ametaja jina la mpagazi.

Kadhalika Chama cha Milima ya Taita, kilichoanza mwaka 1939 kutetea ardhi na kupigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1940. Mwanafunzi wetu aweza kuwataja mawaziri wa Ujerumani, lakini chama cha babu yake hakijui.

Sasa, mafunzo yatasaidia nini? Yakiwa ya kukaa kitini na kusomewa karatasi kutoka asubuhi hadi jioni, hayatasaidia kitu. Nimepata kuhudhuria semina ya namna hiyo. Nilichofaidi ni chai. Lakini walimu wa hesabu na sayansi walianzishiwa mafunzo yao mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, kwanza katika wilaya chache kisha nchi nzima, na humo mwalimu alitengeneza somo, akalifundisha mbele ya wenzake, wakamkosoa. Hayo ndiyo ninayoyataka kwa historia: namna ya kumhoji mzee pasipo kumtia maneno kinywani, namna ya kusoma barua ya Bwana Shauri na kutambua alichokificha, namna ya kuwapeleka watoto Salaita wakarudi na maswali badala ya picha tu.

Tena kuna haja. Katika sekondari ya juu, Historia na Uraia ni somo la kuchagua. Somo la kuchagua likifundishwa kama orodha ya tarehe, watoto watalikimbia, na mwalimu wake atabaki kuhesabu madawati.

Kwa hiyo naomba hivi. Nafasi ya mafunzo ya historia ikitokea, tuingie, na wakati huo huo tudai gharama ilipwe na mwajiri. Tusingoje Nairobi pia. Walimu wa historia wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta tuweza kukutana Jumamosi moja kila muhula, kila mmoja alete somo moja alilolichimbua mahali pake. Ndugu wa mkonge, wazee wenu waliokata majani enzi za mkoloni tunawahitaji. Tutakuja na daftari, msitufukuze.

Mkutano wa kwanza naomba uwe Kasigau. Yule nyanya yu hai bado, nami nina deni la jibu kwa mjukuu wake. Daftari la majina liko mezani kwa Bwana Katibu, na nauli ya matatu kila mtu atajilipia mpaka chama kiamue vingine.